Mahali pa Sitini na Tano

Parokiani kwetu, hapa Venisi, mtu akipoteza ufunguo wenziwe humwambia, "Kamuulize Iseppo alikouacha." Iseppo ni mimi. Nilizaliwa msahaulifu, na si usahaulifu wa kuchekesha tu. Nilisahau jina la mama yangu wa ubatizo siku tuliyomzika. Nilipokwenda kuposa niliingia nyumba siyo, nikala biskuti zao za lozi, nikaaga, nikarudi nyumbani nikiwa nimeridhika kabisa. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema kichwa changu ni pakacha, kila kinachotiwa kinavuja.

Sasa nina miaka hamsini, nina duka la dawa la marehemu baba, na nakumbuka vizuri. Nimelipata hilo kwa watu wawili. Wote wawili wamekwisha kufa, kwa hiyo naweza kuwashukuru kwa majina yao. Aliyebaki wa kudhurika ni mimi, na mimi nikiulizwa nitasema sikumbuki.

Nilipokuwa na miaka thelathini na moja, baba alikuwa amekufa na duka limefungwa. Chama cha wauza dawa hakimruhusu mtu kulifungua duka la baba yake mpaka asimame mbele ya wazee wa chama na kuvitaja viungo vyote vya teriaka, kwa mpangilio na kwa vipimo, bila karatasi. Teriaka ndiyo dawa yetu ya kila sumu na karibu kila ugonjwa. Hupikwa uwanjani mbele ya watu, viungo vikiwa vimepangwa kwenye mabakuli siku tatu ili asitokee mjanja akatia vumbi la matofali. Viungo vyenyewe ni sitini na nne. Mara ya kwanza nilifika cha kumi na tisa. Mara ya pili nilifika cha thelathini na moja, kisha ikaonekana tangawizi nimeitaja mara tatu, na wazee wakacheka mpaka mmoja akaomba maji. Mara ya tatu ndiyo ya mwisho. Nikishindwa, duka lingepewa mtu mwingine, na mama angetoka katika nyumba aliyoingia akiwa bibi harusi.

Ndipo akaja mpangaji. Alitoka upande wa Napoli, jina lake Fulgenzio, mtu mfupi, mkavu, mwenye ndevu rangi ya njugu. Alikuwa mtawa zamani akalivua joho. Alifundisha falsafa katika falme nne na kugombana na watu katika zote nne. Mama alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia, kisha akaniambia kando, "Huyu amefukuzwa kila mahali. Ama ni mwongo sana, ama ni mkweli sana. Mpe chumba cha juu, kile kinachovuja."

Hakuwa mtu rahisi. Alibishana na mama juu ya dagaa wa siki, akabishana na muuza kuni juu ya asili ya moto. Mimi nilimkwepa. Lakini asubuhi moja nilikuwa nimeketi kwenye ngazi, narudia viungo vyangu kwa mara ya mia, na nilipokwama palepale kwenye tangawizi nilianza kulia, mtu mzima na ndevu zangu. Akashuka na kiatu kimoja mguuni.

"Unaniua," alisema. "Kwa nini unavipigilia kichwani kama misumari? Kichwa si ubao, ndugu yangu. Kichwa ni nyumba. Wageni hawapigiliwi misumari, hualikwa wakaonyeshwa pa kukaa."

Akanishika mkono akanitembeza katika nyumba yangu mwenyewe kama mgeni. Tulianza kwenye jiwe la kushukia mtumbwi, tukaja kizingitini, nyuma ya mlango, jiko, kabati la vyombo, ngazi ya kwanza, dirisha la ngazi, na kuendelea hivyo mpaka kile kibaraza cha mbao juu ya paa tunakoanikia nguo na majani ya dawa. Tulihesabu mahali sitini na nne. Kila mahali pa tano aliniambia nipatundikie akilini mkono wa dhahabu, ili nisipoteze hesabu. Kisha akaniambia niweke kiungo kimoja kila mahali, lakini nisiweke kiungo chenyewe. Niweke mtu ninayemjua, akifanya jambo la ajabu, la aibu au la kutisha, maana jambo la kawaida huingia na kutoka bila hata kusalimia.

Basi nyumba yetu ikajaa wehu. Mlangoni mama alikuwa akipigana kwa ufagio na vipiri wanne, wale nyoka wenye sumu, maana nyama ya kipiri ndiyo kiungo kikuu. Jikoni mwenye duka la mikate, bibi mnene mcha Mungu, alikuwa ameketi uchi katika pipa la asali. Mjomba wangu alisimama kwenye kabati la vyombo akikojoa zafarani. Menego, mtunza sakristia wetu, mtu mwenye makuu kuliko askofu, nilimpa mkia wa mbuzi akawa analamba chetezo cha ubani. Na Padri Zaccaria, paroko wetu aliyenibatiza, nilimlaza juu ya mimbari katikati ya dirisha la ngazi, kuku sita wakimdonoa masikio. Huyo alikuwa afyuni. Mtu yeyote wa parokia yetu angeelewa mara moja. Mahubiri ya Padri Zaccaria yalimlaza hata mbwa wa mlangoni.

Mama alisikiliza haya yote akiwa anachagua kunde, kisha akamuuliza mpangaji wake kama huu si uchawi.

"Ni uchawi, mama, ila wa mchana," akasema Mwalimu Fulgenzio, maana tangu wiki ile nilimwita Mwalimu. "Mchawi ni mtu anayejua kitu gani kimefungamana na kitu gani. Ukigonga mwiko kwenye chungu, mwanao anashuka mbio. Umemvuta kwa kamba asiyoiona. Ulimwengu mzima umefungwa kwa kamba hizo."

Mama akasema basi yeye ni mchawi wa kunde, na kuanzia siku ile alimpa shahani kubwa.

Baada ya miezi mitatu nilikuwa navitaja viungo vyote sitini na nne, mbele na nyuma, nikienda na nikirudi. Sijui niieleze vipi furaha ile. Mtu aliyekuwa kilema akaamka anatembea ndiye atakayenielewa. Nilikuwa nikipanda ngazi nasalimiana na wehu wangu mmoja mmoja, na wote wapo.

Magharibi moja tulikuwa kibarazani juu ya paa, nakusanya majani yaliyokauka, nyota za kwanza zikitoka. Mwalimu alianza kusema habari zake, zile zilizomfukuzisha kila mji. Alisema nyota si taa zilizogandama kwenye paa la bluu. Kila moja ni jua, na kila jua lina dunia zake, na dunia hizo hazina hesabu, kwa sababu Mungu asiye na mpaka hawezi kufanya kazi yenye mpaka. Alisema na mengine, nami sikutaka yavuje. Lakini mahali pangu sitini na nne palijaa, na kibaraza kilikuwa pa mwisho. Nikayaweka pale nje, hewani, ng'ambo ya ukingo wa mbao, mahali pa sitini na tano. Nilimsimamisha yeye mwenyewe hapo, na kiatu kimoja.

Kanuni ilikuwa moja tu, naye aliirudia kila siku: picha zisiandikwe. Ziishi kichwani. Ukiziandika, mtu mwingine atazisoma, na mtu mwingine hana nyumba yako.

Nami, zikiwa zimebaki siku tisa kabla ya mtihani, niliogopa. Usahaulifu wa miaka thelathini haumwachi mtu hivihivi. Nilichukua karatasi nikaziandika picha zote sitini na nne kwa mpangilio, na kila mstari wa tano nikachora mkono. Niliitia kifuani. Jumapili nikaenda nayo misani, nikapiga magoti, nikainuka, nikarudi nyumbani. Karatasi ikabaki kanisani.

Aliyeiokota ni Menego, palepale nilipokuwa nimepiga magoti. Menego anajua kusoma. Hakufika mbali kabla hajakutana na mkia wake wa mbuzi.

Simlaumu sana. Jiweke mahali pake, umeokota karatasi yenye mikono kumi na miwili iliyochorwa, watu uchi, nyoka, paroko anayeliwa na kuku, na wewe mwenyewe ukilamba chetezo, na ikijulikana kwamba katika nyumba yetu anakaa mtawa aliyelivua joho. Hakumpelekea paroko. Aliipeleka moja kwa moja kwa wale wanaosikiliza kesi za imani. Jumanne walikuja watu wanne kwa mtumbwi wakamchukua Mwalimu akiwa mezani. Mama aliwaambia wamwache kwanza amalize kula. Hawakumwacha.

Nilielewa papo hapo, nikapapasa kifua changu, hamna kitu. Watu walikuwa wamekwisha kufungwa kwa makosa madogo kuliko hilo, na wengine hawakurudi. Yule aliyenipa kichwa, mimi nilikuwa nimemsaliti kwa kichwa kilekile. Mama hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alisema tu, "Sasa utakwenda ukaseme kweli, mwanangu. Kweli yote inayomsaidia."

Niliitwa Ijumaa asubuhi. Kilikuwa chumba cheupe chenye meza ndefu. Nyuma ya meza aliketi mtawa mwenye kanzu nyeupe na joho jeusi juu yake, mtu mpole wa sauti, na kando yake karani. Mwalimu alikuwa kwenye kigoda karibu na ukuta, hajachana ndevu. Menego alisimama mlangoni. Na Padri Zaccaria naye alikuwepo, ameitwa kwa kuwa ni paroko wetu na kwa kuwa jina lake limo.

Mtawa aliisoma karatasi kwa sauti, taratibu. Hakuna adhabu niliyowahi kupata inayoishinda ile. Alipofika dirisha la ngazi akanyanyua macho.

"'Padri Zaccaria amelala juu ya mimbari, kuku sita wanamdonoa masikio.' Hii ni nini?"

"Afyuni, Padri. Wakia sita."

"Kwa nini paroko wako awe afyuni?"

Nilimtazama Padri Zaccaria. Alikuwa anatazama dari. Nikakumbuka mama alivyoniambia niseme kweli.

"Kwa sababu inaleta usingizi," nikasema.

Karani aliacha kuandika. Uso wa Padri Zaccaria ukawa mwekundu kuanzia shingoni mpaka upara. Nikaeleza yote, nyumba, mahali, mikono ya dhahabu, duka la baba. Mtawa akaigeuza karatasi kifudifudi, akamwambia karani afungue kitabu cha wauza dawa, akaniamuru nianze. Nilifumba macho nikashuka kwenye jiwe la mtumbwi. Nilivitaja vyote sitini na nne na vipimo vyake, kisha nikavitaja tena kutoka mwisho mpaka mwanzo. Karani akasema hakuna kosa. Niliona mabega ya Mwalimu yanashuka, nikadhani nimemwokoa.

"Kichwa kizuri," akasema mtawa. "Basi kitatusaidia. Umekaa na mtu huyu miezi minne. Tunasikia anafundisha kwamba nyota ni majua na kwamba dunia hazina hesabu. Weka mkono juu ya Injili utuambie alichokuambia, neno kwa neno."

Niliweka mkono. Kichwani mwangu Mwalimu alikuwa pale, mahali pa sitini na tano, ng'ambo ya ukingo, kila neno lake liko wazi. Nikisema, wanamuua. Nikisema sijui, nani atamwamini mtu aliyetoka kutaja viungo sitini na nne akienda na kurudi? Mwalimu, aliyekuwa akimfokea kila mtu, safari hii hakufoka. Alifumba macho kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Kisha Padri Zaccaria akakohoa.

"Padri mheshimiwa," alisema kwa ile sauti yake ya kulaza watu, "huyu nilimbatiza mimi. Alikwenda kuposa nyumba siyo. Amewahi kuvua viatu kanisani Alhamisi Kuu, akarudi kwao peku katika baridi. Menego shahidi, ndiye aliyemrudishia."

Menego mlangoni alisita, kisha akasema ni kweli, na kofia alisahau vilevile.

"Yeye hukumbuka kilichowekwa kwenye ngazi na madirisha ya nyumba ya mama yake, basi," Padri Zaccaria akaendelea. "Nyumba ile naijua, naibariki kila Pasaka. Haina nafasi hata ya kuku sita. Dunia zisizo na hesabu angeziweka wapi?"

Karani alicheka, akajifanya anapiga chafya. Mtawa hakucheka, lakini alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kama nakumbuka chochote alichosema mtu huyu juu ya nyota.

"Sikumbuki, Padri," nikasema, mkono wangu ukiwa bado juu ya Injili.

Wahenga husema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Upumbavu wangu wa miaka thelathini na moja, ulionitoa machozi mara ngapi sijui, siku ile ulimbeba mtu mzima akatoka nao mlangoni. Aliamriwa aondoke mjini ndani ya siku tatu, na karatasi ikachomwa. Menego hakupata hata majivu yake.

Mama alimfungia mkate, dagaa wa siki waliokuwa wakiwagombanisha, na chupa ya teriaka ya mwisho iliyopikwa na baba. Kwenye jiwe la mtumbwi Mwalimu alinishika mabega. Nilitaka kuomba radhi kwa ile karatasi, akanitangulia.

"Nimekuwa na wanafunzi wengi," alisema. "Hakuna aliyewahi kunisahau vizuri hivi."

Akanikumbatia, yeye ambaye hakuwahi kumkumbatia hata paka, akapanda mtumbwi. Wiki iliyofuata nilifaulu mtihani. Mama alikufa katika nyumba yake, kitandani kwake, akiwa mzee.

Jumamosi ya wiki ileile niliyofaulu nilikwenda kuungama. Nilimwambia Padri Zaccaria nimesema uongo juu ya Injili, kwamba nakumbuka yote. Nilitaka kuanza kumwambia alichosema Mwalimu, akanikatiza kwa nguvu. Alisema mtu haulizwi asichokijua, na yeye hataki kujua. Nilimwomba msamaha kwa kuku. Nyuma ya kiambaza cha kitubio akanipa malipizi yangu. Kila Jumapili baada ya misa nije sakristia nimrudishie mahubiri yake yote, neno kwa neno, mpaka mmoja wetu afe.

Nimeyabeba malipizi hayo miaka kumi na tisa, na sijui kama kuna mwenye dhambi aliyelipa zaidi. Mwaka wa kwanza alisinzia mara mbili akisikiliza maneno yake mwenyewe. Mwaka wa pili alianza kuyafupisha. Kufika mwaka wa kumi watu walikuwa wanakaa macho, na wengine walitoka parokia jirani kuja kumsikiliza. Kila Jumapili alinishukuru, na kila Jumapili mimi niliona haya, kwa maana anayestahili shukrani alikuwa yeye.

Mwalimu Fulgenzio alikamatwa miaka mingi baadaye katika mji mwingine. Kule alikuwa na wanafunzi wenye kumbukumbu nzuri, na hapakuwa na Padri Zaccaria. Nilipopata habari nilipanda kibarazani nikakaa hapo mpaka nguo zilizoanikwa zikakauka.

Mwezi uliopita Padri Zaccaria aliniita. Alikuwa amelala, amekwisha kupakwa mafuta matakatifu, Menego mwenyewe, mzee sasa, akimpepea. Ilikuwa mchana, mwanga wa mfereji ukicheza darini. Alimwambia Menego akaangalie mishumaa. Tukabaki wawili.

"Sasa niambie," alisema.

Nilidhani anataka mahubiri ya Jumapili. Nikaanza.

"Hayo ni yangu, nimeyasikia. Niambie ya yule mwalimu wako. Sasa hakuna wa kuniuliza isipokuwa Mungu, na Yeye anayajua."

"Uliniamini kwamba nayakumbuka?"

"Mwanangu, nilikutazama usoni siku ile. Uso wako wa kusahau naujua tangu ubatizoni. Ule haukuwa wenyewe."

Nikafumba macho. Nilishuka kwenye jiwe, nikampita mama na vipiri wake, ufagio mkononi, kijana na mkali. Nikampita bibi wa asali, nikampita mjomba. Kwenye dirisha la ngazi nilimkuta yeye mwenyewe na kuku wake, nikamwinamia. Nikatoka kibarazani, na ng'ambo ya ukingo Mwalimu alikuwa bado amesimama na kiatu chake kimoja. Nikayasema aliyoyasema, kwamba kila nyota ni jua na kila jua lina dunia zake, kwamba ulimwengu hauna juu wala chini, hauna chumba cha wakubwa wala chumba cha chini kinachovuja. Na kwamba katika dunia zile huenda wapo watu wanaotoka kuanua nguo zao jioni, wakainua macho wakatuona sisi, wakasema, tazama nyota ile ndogo, nzuri.

Macho ya Padri Zaccaria yalikuwa darini.

"Sisi ndio nyota yao?"

"Ndivyo alivyosema, Padri."

"Hata parokia yetu? Na mfereji huu unaonuka?"

"Vyote."

Alitabasamu, machozi yakimtelemkia masikioni, yale masikio niliyoyatia kuku. Aliutafuta mkono wangu juu ya shuka.

"Rudia," alisema. "Taratibu."

Nikarudia tangu mwanzo, sikuacha neno. Alikuwa macho mpaka mwisho.